Uliza Fundi: Kibati Chasema Silinda Nne, Injini Ina Tatu

Shikamoo Fundi. Marehemu baba ametuachia trekta la Massey Ferguson 35 hapa shambani Mazeras. Halijawashwa tangu 2009, limesimama chini ya mwembe. Nataka nilirudishe kama lilivyotoka kiwandani, kisha nilipeleke kwenye maonyesho ya kilimo pale Mkomani kwa jina la baba. Rangi nyekundu nimeshanunua, lita nane. Injini imekwama, haizunguki kabisa. Fundi wa huku anasema niing'oe niweke ya pikapu, spea ni rahisi. Tena kibati cha dashibodi kina herufi SDM mbele ya nambari, na rafiki yangu aniambia hiyo ni ya silinda nne, lakini injini niliyo nayo ni Perkins ya silinda tatu. Je, baba aliuziwa trekta la kuungaunga? Nyuma ya banda kuna bloku kuukuu ya silinda nne, mama huifungia mbuzi.
Mrithi, Mazeras

Marahaba mwanangu, na Mungu amlaze mzee pema. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikifika kwenye rangi napita, nikifika kwenye pikapu napita, lakini nikifika kwa huyo mbuzi nasimama. Mwombe mama amfungie kwingine leo leo, uifunike bloku hiyo kwa turubali. Ngoja nikueleze kwa nini.

Baba yako hakuuziwa trekta la kuungaunga, limebadilishwa injini tu. Modeli ya 35 ilianza kutoka kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1956, ikiitwa Ferguson 35 na ikiwa na rangi za kijivu na dhahabu. Mwishoni mwa 1957 ikavaa nyekundu na jina la Massey Ferguson. Zile za dizeli za mwanzo zilitiwa injini ya kampuni iitwayo Standard, modeli 23C, silinda nne, karibu lita 2.26, na ndizo zilizogongwa SDM. Mwaka 1959 Massey Ferguson iliinunua Perkins, kampuni ya kuunda injini, na 35 ikaanza kutiwa Perkins ya silinda tatu. Hizo kibati chake huanza na SNM. Kwa hivyo rafiki yako kasema kweli. Trekta lenu lilizaliwa na silinda nne, kisha mtu, huenda baba mwenyewe, akaitoa akatia tatu.

Alikuwa na sababu. Ile Standard ilipata sifa mbaya Uingereza kwa kukataa kuwaka asubuhi za baridi, na wakulima wengi wa huko waliing'oa. Kwetu pwani baridi hiyo haipo, asubuhi ya Julai yenyewe ni nadra kushuka sana chini ya nyuzi 20. Sisi tuliing'oa kwa ajili ya spea. Ilipokuja modeli ya 135 mwishoni mwa 1964 na Perkins ya ukoo ule ule, ringi na gasketi za silinda tatu zikajaa madukani, za silinda nne zikawa za kuagiza. Katika shamba la mkonge nilikoanzia kazi niliona injini tatu za Standard zikitolewa mwaka mmoja, nzima kabisa, kwa kukosa gasketi tu. Ziliegemezwa ukutani zikasahauliwa hapo. Chuma kizito namna ile hakiendi mbali na mahali kilipong'olewa. Ndiyo maana nataka sana kujua bloku ya mama yako ilitoka wapi.

Sasa kuhusu hilo neno asili. Wengi wakisema wamelirudisha trekta kwenye asili yake, huwa wamepaka rangi na kubandika stika. Mimi asili ya mashine naitafuta kwenye vipimo alivyoviandika aliyeiunda: kipenyo cha silinda, nafasi ya vali, nguvu ya kukaza kila nati. Hata jina la Perkins yako ni kipimo. Inaitwa 3.152: tatu ni silinda, 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, kwa kuwa kila silinda ina kipenyo cha inchi 3.6 na mwendo wa inchi 5. Piga hesabu utaona inatimia. Ukikuta silinda zimelika, jina lenyewe limeshakuwa uongo, na hakuna rangi itakayolirekebisha.

Foreman aliyenifunza, mzee wa Kisingasinga, alikuwa na daftari la jalada jeusi lililolowa grisi pembeni. Hakuna nati iliyofunguliwa kabla ya daftari kufunguliwa. Ukurasa wa kushoto aliandika kitabu cha kiwanda chasema nini, wa kulia tumekuta nini. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, nikiona ananichelewesha. Leo nina madaftari kumi na moja kabatini, na yule mwanafunzi wangu asiyetaka kuandika humrudisha nyumbani. Nunua daftari kabla ya spana. Ukurasa wa kwanza nakili kibati chote, herufi kwa herufi, na nambari iliyogongwa kwenye injini. Andika pia kwamba hazilingani.

Maana kuna kijana atakuja kukushauri uondoe kibati cha SDM utafute cha SNM, ili trekta "likubaliane". Mimi nimewahi kuombwa jambo hilo, tena kwa pesa nzuri, nikakataa. Kibati ndicho cheti cha kuzaliwa cha trekta hilo. Ukikibadilisha umefuta lilikotoka, na hutakuwa na la kumwambia mtu pale Mkomani.

Na hii habari ya pikapu iache kabisa. Trekta hili halina chasi kama gari. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye giaboksi, na uzito wote unabebwa na bloku yenyewe. Bloku ya pikapu haikuundwa kuwa uti wa mgongo wa kitu chochote. Utalazimika kuchomelea fremu, na ukishachomelea fremu hilo si 35 tena. Pia ule mtaimbo wa nyuma unaozungusha mashine, uliopangiwa mizunguko 540 kwa dakika, hutegemea gavana ishike mwendo wa injini hata mzigo ukizidi. Injini ya pikapu hutegemea mguu wa dereva.

Baki na njia mbili. Ama Perkins ikae, uirudishe kwenye vipimo vya Perkins na useme wazi ni ya kubadilishwa, au Standard irudi nyumbani kwake. Huwezi kuchagua kabla hujaichunguza hiyo bloku. Isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ipanguse ikauke juu, halafu ipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta ya taa yatatoka taratibu na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Angalia hasa baina ya silinda na kwenye kuta za nje za maji. Kisha ng'oa slivu, yale mapipa ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Standard hutumia slivu za maji, yaani maji ya radieta yanazigusa moja kwa moja, na chini hukalia gasketi yenye umbo la tarakimu nane. Lile kalio la chini ndilo hukumu yako. Pitisha ukucha juu yake. Kama ni laini, umebahatika. Kama kutu imelichimba vishimo, maji yatapita kuingia kwenye oili, na mkojo wa mbuzi pamoja na hewa ya chumvi si marafiki wa chuma. Halafu uliza: krankshafti iko wapi? Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda? Pampu ya dizeli? Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na bamba la nyuma navyo, kwani vya Perkins havitakufaa. Tafuta chini ya mahindi, darini, kwa mjomba. Ukivipata vyote, mimi ningeirudisha Standard bila kusita, na ningefurahi uniite siku ya kuiwasha. Ukipata bloku tupu, iache Perkins, na hiyo bloku uiweke barazani kwa heshima yake.

Kwa vyovyote Perkins lazima uikwamue, na hapa ndipo watu huua injini. Usivute trekta kwa gari jingine ukiwa umetia gia. Niliona hivyo Mariakani: koneti rodi ilitoboa bloku, na injini iliyokuwa imeshikwa na kutu kidogo tu ikawa chuma chakavu kwa dakika moja. Fungua kwanza nati ya sampu ya oili kidogo uone kama maji yanatangulia. Toa nozeli zote tatu. Mimina kwenye kila silinda mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na asitoni, nusu kwa nusu, mbali na moto. Funika matundu, acha. Baada ya siku tatu jaribu kusukuma flaiwili kwa nondo fupi, mbele na nyuma, kwa mkono tu. Isiposogea, ongeza mafuta ungoje tena. Moja ya Kikambala ilinichukua siku ishirini na mbili. Ile ya ishirini na mbili nilisikia kama mtu anapasua kijiti kikavu, na flaiwili ikaenda upana wa kidole.

Ikishazunguka, fungua upime. Hedi ikihitaji kusawazishwa, mpe mwenye mashine kipimo kwa maandishi, usimpe hedi peke yake. Mwaka 1994 nilipeleka hedi ya Perkins kwenye karakana moja mjini. Sikuwaambia kipimo, wao hawakuuliza, wakala chuma kupita kiasi. Kiwanda hutaja vali zizame kiasi gani ndani ya uso wa hedi, na zangu hazikuwa zimezama tena. Nilipowasha, pistoni ziligonga vali, fimbo tatu za kusukuma vali zikapinda. Mwenye trekta alikuwa mkulima wa korosho na msimu ulikuwa umefika. Nilimtazama akikodi trekta la jirani, na jambo lile bado linaniuma. Ukifunga hedi, nafasi ya vali injini ikiwa baridi ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Tumia geji, usitumie kipande cha wembe.

Rangi isubiri. Lita zako nane usizifungue kabla hujakwangua chini ya tanki na nyuma ya dashibodi, mahali ambapo brashi ya mtu wa pili haifiki. Kama lenu ni la mwaka wa mwanzo, chini ya nyekundu utakuta kijivu na dhahabu, na itabidi dukani uzirudishe. Hata ikiwa nyekundu, injini na giaboksi ni kijivu, usije ukapaka zote nyekundu kama nionavyo kila mahali. Kabla ya msasa osha bati lote kwa maji baridi na sabuni, suuza mara mbili. Chumvi ya bahari ikibaki chini ya rangi, baada ya masika moja itavimba malengelenge. Paka wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu. Kipindi cha kusi usijaribu.

Mzee shikamoo. Nasomea umakanika hapa Mombasa. Kwenye Ferguson ya shule, spana yangu ya 13 inazungusha vichwa vya bolti. Je, ni bolti mbovu?
Mwanafunzi wa kike, Changamwe

Marahaba binti yangu. Bolti ni nzima, spana ndiyo ngeni. Matrekta hayo ni ya inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hivyo 13 inacheza na kula pembe. Inchi 9/16 ni 14.29, na 14 haiingii. Inchi 3/4 ni 19.05, kwa hiyo 19 huingia kwa kulazimisha, ikakudanganya kwamba seti yako inatosha. Tafuta seti ya inchi kuanzia 7/16 hadi 15/16. Za mtumba za zamani ni nzuri kuliko mpya za bei rahisi.

Hatari zaidi ni nyuzi. Bolti ya milimita 8 inakaribia sana unene wa 5/16, ambayo ni 7.94, na mtu asiyejua huianzisha kwa mkono ikaingia mizunguko miwili. Kisha anaikaza. Ya inchi ina nyuzi 18 au 24 kwa kila inchi, ya milimita ina hatua ya 1.25, na hazikubaliani. Kilichokuwa tundu la kiwandani kinakuwa tundu la kukereza upya. Bolti isipoingia kwa vidole viwili, itoe.

Na kwa kuwa mko darasani: msipulize breki za zamani kwa kompresa. Vitambaa vya breki na klachi vya enzi hizo vilitiwa asbestosi. Vilowesheni maji, mpanguse kwa tambara, tambara litupwe.

Fundi, 35 yangu ilikuwa ikichaji vizuri. Fundi wa umeme alinifungia betri mpya, hasi kwenye bodi kama gari. Stata inapiga sawasawa ila dinamo haichaji na mshale wa ampea unaenda kinyume.
A. M., Msambweni

Ndugu yangu, kwenye matrekta haya ya dinamo ya Lucas ni chanya ndiyo huenda kwenye bodi. Fundi wako alifuata mazoea ya gari. Hakugundua kwa sababu stata ya aina hiyo huzunguka upande ule ule hata betri ikigeuzwa, kwa hivyo trekta liliwaka naye akaondoka.

Rudisha chanya kwenye bodi. Halafu dinamo ikumbushwe: toa nyaya zake mbili, D na F. Chukua waya kutoka upande wa betri usiogusa bodi, yaani hasi, gusa kwa F mara mbili tatu, kila mara sekunde moja tu. Utaona cheche ndogo. Funga nyaya, washa, tazama mshale. Lakini kama kuna mtu aliyeondoa dinamo akaweka altaneta, usiguse chochote, acha hasi kwenye bodi. Altaneta ukiigeuzia betri inaungua papo hapo. Ikifika siku ya kurudisha asili, badilisha vyote viwili pamoja, altaneta na upande wa betri.

Nina Ferguson ndogo ya kijivu, kibati TED. Naitumia kuvuta trela la nazi. Oili haipungui, bali inaongezeka! Nimefurahi lakini jirani anasema nina shida.
Mkulima, Kaloleni

Jirani yako ni mtu mwema, msikilize. Kijivu hicho ni cha ukoo wa TE20, matrekta yaliyoundwa Coventry kati ya 1946 na 1956, zaidi ya laki tano, na herufi za mbele zinasema kila moja linakunywa nini. TEA ni petroli, TEF ni dizeli, na TED lako ni la mafuta mazito yaliyokaribiana na mafuta ya taa. Huwashwa kwa petroli, likishapata moto sawasawa ndipo unageuza bomba kwenda kwenye mafuta hayo mazito. Ukigeuza mapema, au ukifanya safari fupi fupi za nazi injini ikiwa vuguvugu, mafuta hayachomeki yote. Yanateremka ubavuni mwa pistoni, yanaosha silinda, yanaingia kwenye sampu. Hiyo nyongeza uionayo ni mafuta hayo yanayokondesha oili yako.

Chomoa kijiti, nusa, sugua tone baina ya vidole. Likiwa jepesi kama maji, mwaga oili yote leo, badilisha na chujio. Kwa safari fupi tumia petroli tupu. Kwa kulima kutwa nzima geuza kama zamani, ila usiligeuze kabla radieta haijapata moto sawasawa. Kama radieta yako haina lile pazia la mbele la kuzuia hewa, litafute au likatwe jipya. Wengi walilitupa wakidhani ni pambo, na bila hilo injini ya TED haipati joto lake.

Fundi, ni kweli molasi inatoa kutu?
Likoni

Kweli. Ile ile wanayonunua wenye ng'ombe. Fungu moja la molasi kwa tisa za maji, kwenye pipa la plastiki, mbali na dirisha la mtu kwani hunuka. Zamisha chuma kizima kisichungulie juu, wiki moja hadi mbili. Haigusi chuma kizuri kama tindikali ifanyavyo, ndiyo maana naipendea nati za zamani na mikono ya haidroliki. Usitie chochote cha alumini, itakila. Ukitoa, suuza kwa maji safi, kausha juani, paka oili saa hiyo hiyo. Usiseme nitapaka kesho, kwa hewa ya Likoni asubuhi utakikuta kimeshageuka rangi ya chungwa.